Umenyimwa malipo Ayalandi kwa sababu ya ukaazi? Hivi ndivyo unavyokata rufaa

Barua ya kukataliwa huwa fupi. Inasema afisa amechunguza ombi lako la posho ya ulemavu, ya mlezi, ya kutafuta kazi au ya watoto, na hakuridhika kwamba Ayalandi ndiyo makazi yako ya kawaida. Mahali fulani utaona herufi HRC (Habitual Residence Condition), yaani sharti la ukaazi wa kawaida. Wengi wetu tukiisoma tunadhani mambo yamekwisha, tunaikunja na kuiweka kabatini. Usifanye hivyo. Sheria inakupa haki ya rufaa, haina ada, huhitaji wakili, na anayeisikiliza si yule aliyekukatalia.

Naandika haya kwa sababu Ayalandi hakuna mlango mwingine wa karibu. Ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1937 inazungumzia ustawi wa jamii na kuwalinda wanyonge, lakini papo hapo inatamka kwamba misingi hiyo ni mwongozo kwa Bunge na haiwezi kutumiwa na mahakama yoyote. Mwaka 2014 Mkutano wa Katiba, uliowakutanisha raia wa kawaida na wanasiasa, ulipiga kura kwa asilimia 85 kutaka haki za kiuchumi na kijamii zipewe ulinzi wa nguvu zaidi. Ibara ya 45 bado iko vile vile. Kwa hiyo haki yako ya kula na kulipa kodi ya nyumba haimo kwenye Katiba. Imo ndani ya sheria za kawaida, fomu na vielelezo, na ndiyo maana fomu hizo zinastahili kujazwa kwa uangalifu wote.

Kwanza, jua umekataliwa kwa lipi

Sharti la ukaazi wa kawaida lilianza tarehe 1 Mei 2004, siku nchi kumi mpya zilipoingia Umoja wa Ulaya. Leo limo katika kifungu cha 246 cha sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2005, na lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya.

Sehemu ya kwanza ni haki ya kuishi nchini: uraia, hadhi ya ukimbizi, au kibali cha ukaazi kinachokubalika. Hapa maelezo ya maisha yako hayasaidii sana, kinachotakiwa ni hati. Mtu ambaye ombi lake la hifadhi ya ukimbizi bado linashughulikiwa hahesabiwi kuwa mkaazi wa kawaida hata akiwa amekaa miaka. Novemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kesi za familia mbili zilizodai posho ya watoto kwa kipindi ambacho wazazi walikuwa hawajapata haki ya ukaazi. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imewapa ushindi mwaka uliotangulia, lakini Mahakama ya Juu ikatengua: haki ya malipo huanza pale mzazi anapopata haki ya kuishi. Mimi naona uamuzi huo uliwaumiza watoto kwa jambo lisilo lao, lakini ndiyo sheria iliyopo, na ukiandika rufaa usiipuuze.

Sehemu ya pili ndiyo inayowaangusha wengi wenye hati kamili. Hapa afisa anapima mambo matano: umekaa nchini muda gani na kwa mfululizo kiasi gani, umetoka mara ngapi, kwa muda gani na kwa sababu gani, umefanya kazi gani, kitovu cha maisha yako kiko wapi, na nia yako ya baadaye ni ipi. Vipimo hivi vilitokana na uamuzi wa Mahakama ya Ulaya wa mwaka 1999 katika kesi ya Swaddling. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake kukuangusha. Utasikia watu wakisema ni lazima uwe umekaa miaka miwili. Si kweli, hakuna muda maalumu unaowekwa, na barua inayokukatalia kwa sababu hiyo tu ina kasoro unayoweza kuitaja wazi kwenye rufaa.

Tarehe na jalada

Muda wa kukata rufaa umeandikwa kwenye barua na unahesabiwa tangu siku ya uamuzi. Usingoje siku za mwisho. Kwa miaka mingi watu walizoea siku 21, na ukipeleka ndani ya hizo huna la kuhofia. Ukishachelewa, peleka vivyo hivyo ukieleza kilichokuchelewesha, kama kulazwa hospitalini au barua kwenda anwani ya zamani. Ofisi ya Rufaa za Hifadhi ya Jamii, ndiyo inayopokea rufaa yako, ina mamlaka ya kuikubali iliyochelewa.

Huhitaji kuwa na kila kielelezo mkononi ndipo uanze. Peleka rufaa, andika kwamba nyaraka zaidi zinafuata.

Siku hiyo hiyo iandikie Wizara ya Hifadhi ya Jamii uombe nakala ya jalada lako lote. Kwa taarifa zako binafsi hulipi kitu, iwe unatumia sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2014 au sheria ya ulinzi wa data. Taja kwamba unataka pia maandishi ya afisa kuhusu yale mambo matano. Mara nyingi humo ndimo utakapogundua sababu halisi: fomu ya maswali ya ukaazi, HRC1, ilijazwa nusu, swali la safari likaachwa wazi, na afisa akajaza pengo hilo kwa dhana yake.

Kuandika rufaa

Fomu inaitwa SWAO1, lakini hata barua ya kawaida inakubalika. Andika jina, anwani, namba yako ya PPS (namba ya utambulisho wa huduma za umma), malipo uliyoomba na tarehe ya uamuzi, kisha uiambie Ofisi ya Rufaa za Hifadhi ya Jamii kwamba hukubaliani na uamuzi. Baada ya hapo pitia yale mambo matano, moja baada ya jingine, na chini ya kila moja taja hati inayolithibitisha.

Kitovu cha maisha ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho watu wanachokiandika kwa haraka mno. "Naishi hapa na familia yangu" haimwambii afisa kitu. Mwambie watoto wanasoma shule gani tangu lini, na uambatanishe barua ya mwalimu mkuu. Onyesha mkataba wa nyumba, bili za umeme, usajili kwa daktari, taarifa za benki zinazoonyesha unanunua chakula hapa wiki baada ya wiki. Barua ya msikiti, kanisa au timu ya mpira inayosema unahudhuria ina uzito, mradi iwe na tarehe na sahihi. Kama nyumba uliyokuwa ukipanga Nairobi au Dar es Salaam uliirudisha, au kazi uliiacha, tafuta karatasi inayosema hivyo. Ikiwa huna kitu ulichobakiza nyuma, sema.

Safari zinahitaji ukweli mtupu. Tuseme ulikwenda Mombasa miezi minne kumuuguza mama. Kwa afisa asiyekujua, miezi minne inaweza kusomeka kama kuhama. Ukiweka tiketi ya kwenda na kurudi, barua ya hospitali, cheti cha kifo kama Mungu alimchukua, na uthibitisho kwamba uliendelea kulipa kodi ya nyumba kule Ayalandi muda wote huo, safari ile ile inasomeka kama wajibu wa mtoto kwa mzazi, kisha mtu akarudi kwake. Usiifiche safari yoyote. Mihuri iko kwenye pasipoti, na wanaweza kukuomba uitoe.

Kuhusu kazi: kukosa ajira hakukuondolei ukaazi. Eleza ulivyotafuta, kozi ulizosoma, au kwa nini huwezi kufanya kazi. Mama anayemlea mtoto mlemavu hapaswi kuona haya kuandika hivyo.

Mwishoni omba kusikilizwa ana kwa ana. Usipoomba, afisa wa rufaa anaweza kuamua kwa karatasi tu. Kama Kiingereza chako si cha kutosha kujieleza chini ya maswali, omba mkalimani wa Kiswahili mapema na kwa maandishi.

Siku ya kusikilizwa

Si mahakama. Ni chumba cha kawaida, kikao ni cha faragha, na anayeuliza ni afisa wa rufaa. Wakati mwingine mtu wa wizara huwapo. Unaweza kwenda na ndugu, rafiki au mtetezi. Msaada wa kisheria wa serikali hautoi wakili wa kusimama nawe mbele ya ofisi hii, na hilo ni jambo ambalo mageuzi ya sheria yamechelewa mno kulirekebisha. Hata hivyo vituo vya Citizens Information husaidia kujaza fomu bila malipo, na FLAC, shirika lililoanzishwa mwaka 1969, linatoa ushauri wa sheria bure kwa simu na katika vituo vyake. Wapigie mapema.

Ukiwa unangoja

Rufaa huchukua miezi. Posho ya msingi ya dharura nayo ina sharti la HRC, lakini malipo ya mara moja kwa mahitaji ya pekee (Exceptional Needs Payment) au ya haraka (Urgent Needs Payment) hayana. Nenda Intreo, ofisi ya huduma za wizara katika eneo lako, na uombe hayo kwa jina lake. Ukijibiwa kwamba HRC inakuzuia, omba jibu hilo kwa maandishi.

Uamuzi utakuja kwa barua. Ukishinda, malipo huhesabiwa kurudi nyuma. Posho ya watoto, kwa mfano, ni yuro 140 kwa mwezi kwa kila mtoto, kwa hiyo miezi minane ya kungoja kwa watoto wawili ni yuro 2,240. Ukishindwa, na umepata ushahidi mpya, afisa wa rufaa anaweza kuombwa aubadilishe uamuzi chini ya kifungu cha 317. Kama amekosea sheria au ukweli, kifungu cha 318 kinampa Afisa Mkuu wa Rufaa mamlaka ya kuupitia. Mahakama Kuu hushughulikia swali la sheria pekee, na hapo usiende bila wakili.

Jambo moja wengi hawaambiwi: hali yako ikibadilika wakati rufaa bado iko njiani, kwa mfano mtoto ameanza shule au umepata kazi ya muda, wasilisha ombi jipya bila kuiondoa rufaa. Ombi jipya litapimwa kwa hali yako ya leo, na rufaa itaendelea kudai kipindi kilichopita.