Kabati la nguo lililoingiwa na maji ya mafuriko: namna ya kuliokoa

Dodoma mvua ni chache, lakini ikinyesha inanyesha kwa hasira. Korongo lililokuwa kavu tangu Mei linajaa ghafla, na nyumba za mabondeni, kama kule Nkuhungu, zinaingiwa na maji. Mimi ni seremala. Wengi huniita wiki nzima imepita na kabati limeshaota ukungu. Ukungu huanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo anza siku hiyohiyo.

1. Umeme kwanza. Zima meni swichi kabla hujaingia chumbani. Kama yenyewe imeloa au imezungukwa na maji, usiiguse, waite TANESCO. Vaa gambuti na glavu, maana maji hayo yamepita kwenye vyoo vya shimo. Watoto wakae mbali.

2. Toa vyeti na hati ya kiwanja. Suuza tope taratibu kwenye beseni la maji safi, kisha tandaza kivulini juu ya taulo. Karatasi zilizogandana usizibandue kwa nguvu. Zikiwa nyingi, zitie kwenye mfuko wa nailoni uziweke kwenye friza. Hazitaota ukungu mpaka upate nafasi ya kuzikausha.

3. Nguo. Suuza tope, fua kwa maji ya moto na sabuni, anika juani. Mito iliyolowa maji hayo itupwe tu.

4. Ng'oa ubao wa nyuma. Hapa ndipo watu wanapokosea. Kabati linafutwa mbele, linang'aa, huku nyuma yake tope limeshikana na ukuta. Sogeza kabati, ng'oa misumari, toa ubao. Droo iliyovimba usiivute kwa nguvu utang'oa uso wake. Isukume kutokea nyuma. Kama kabati ni la mninga au mkongo, litapona. La MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi), bonyeza kingo za chini kwa kidole gumba: zikibonyea na kumeguka kama mkate uliolowa, kipande hicho kikatwe au kibadilishwe. Hakirudi.

5. Osha, ndipo utie jiki. Sabuni na brashi kwanza, kwa sababu jiki haifanyi kazi vizuri penye tope. Kisha changanya kikombe kimoja cha jiki (kama robo lita) na lita 4 za maji, pakaa kabati na ukuta, madirisha yakiwa wazi. Usichanganye kabisa na siki au dawa ya choo. Hutoa gesi inayoumiza mapafu.

6. Kausha kivulini. Mbao zikianikwa juani ghafla zinapinda na kupasuka. Upepo wetu wa Dodoma unatosha: fungua milango na madirisha, simamisha mbao zipitiwe na hewa pande zote.

7. Pima ukuta kabla ya kurudisha. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, kiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, tofali bado zina maji. Subiri, hata ikichukua wiki kadhaa, na rangi usipake. Zile chumvi nyeupe zinazochomoza zikwangue kwa brashi kavu.

Ukuta ukikauka, inua kabati juu ya tofali na uache nafasi ya vidole vinne nyuma yake. Vyeti vihamie rafu ya juu kabisa.