Kadi za Zamani Ukutani: Namna ya Kuzitia Kwenye Fremu Bila Kuziharibu

Wengi wakianza kazi hii huangalia maua na mapambo ya mbele ya kadi. Mimi huanza ndani, kwenye mwandiko. Ua lile limechapwa maelfu kwa maelfu, lakini "Hongera mwanangu" ya mkono wa mama ni moja tu. Kwa hiyo nina masharti mawili: maandishi yaonekane, na kadi iweze kutolewa kwenye fremu siku yoyote ikiwa nzima. Ndiyo maana sipaki gundi kwenye kadi yenyewe, wala siipigi lamineti. Plastiki ile ikishayeyukia kwenye karatasi, haibanduki tena.

Tafuta fremu ya A3 yenye kioo na kina cha kutosha kuitenga kadi na kioo, kadibodi ya mgongo, karatasi nyeupe isiyo na asidi, rula, penseli, kisu cha kukatia karatasi, brashi laini na gundi nyeupe. Usibane matumizi kwenye karatasi. Ile ya bei nafuu huwa ya njano kadiri miaka inavyokwenda, kisha huiambukiza kadi inayoigusa.

Hatua ya 1: Chambua

Chagua kadi mbili. Ndiyo, mbili. Kadi ishirini kwenye fremu moja hugeuka rangirangi tu, hakuna anayezisoma. Nyingine zitasubiri fremu zao.

Hatua ya 2: Safisha

Pangusa vumbi kwa brashi. Ng'oa pini za stepla na klipu, maana kutu hupenya karatasi. Seloteipu iliyojiachia yenyewe itoe. Iliyoshika sana iache, ukiivuta itaondoka na wino. Kadi yenye vimetameta itikise mpaka iache kumwaga, la sivyo vitajikusanya chini ya kioo. Kadi ya muziki itoe betri, kwani huvuja, na ile ndogo ya duara ni hatari kubwa mtoto akiimeza. Usiiache mezani.

Hatua ya 3: Piga skani

Skani pande zote, hata upande usio na kitu, kwa nukta 300 kwa inchi. Kama utataka kukuza mwandiko, tumia 600. Wazo lolote la kukata mioyo, nyota au herufi za jina lifanyie kwenye nakala.

Hatua ya 4: Pima na upange

Kadi nyingi zilizokunjwa zina ukubwa wa A6. Ile inayofunguka kama kitabu, ukiifungua inakuwa na upana wa sentimita 21 na kimo cha 14.8. A3 iliyosimama ni 29.7 kwa 42. Weka kadi mbili zilizofunguliwa, moja sehemu ya juu na nyingine ya chini, na utabakiwa na nafasi ya sentimita 4 na ushei juu, kati, chini na pembeni. Mpangilio huu hauhitaji ufundi zaidi. Kama picha ya mbele nayo unaipenda, chapisha nakala yake ndogo uiweke kwenye pengo la katikati.

Laza karatasi isiyo na asidi juu ya kadibodi ya mgongo. Hiyo ndiyo karatasi ya mgongo. Weka juu yake alama za kona za kadi kwa penseli, nyepesi.

Hatua ya 5: Tengeneza kona za kushikia

Hapa usiharakishe. Kata vipande vinane vya karatasi isiyo na asidi, upana sentimita 1.5 na urefu 5. Laza kipande mbele yako, kunja upande wa kulia kuelekea chini kuanzia katikati, kisha wa kushoto, mpaka mikia miwili ikae sambamba. Juu umepata ncha ya pembe mraba yenye mfuko. Vika kila kona ya kadi mfuko wake, mikia ikiwa nyuma. Paka gundi kidogo kwenye mikia tu, kisha ibandike kwenye karatasi ya mgongo. Acha kadi icheze kidogo sana ndani ya kona, kwa sababu karatasi hutanuka hewa ikiwa na unyevu, na iliyobanwa itajikunja.

Hatua ya 6: Itenge na kioo

Kadi ikigusa kioo, unyevu unaweza kuigandisha hapo, hasa ile yenye uso wa kung'aa. Bandika vipande vyembamba vya kadibodi, unene wa milimita 3 hivi, kuzunguka kingo za ndani, vijifiche chini ya mbao ya fremu.

Hatua ya 7: Funga na utundike

Kabla ya kufunga, andika kwa penseli kwenye karatasi ya mgongo: nani aliandika, kwa nani, mwaka gani. Ziba nyuma ili wadudu na vumbi visiingie.

Epuka ukuta unaopigwa na jua, wa jikoni na wa bafuni. Wino wa kalamu hufifia kwa mwanga wowote. Kioo cha kuzuia miale ya jua huchelewesha tu. Kama ukuta wako pekee una mwanga mkali, tundika nakala, na kadi yenyewe uirudishe kwenye bahasha.