SOMO: Umeitwa kuhojiwa kazini? Soma hapa kabla hujasaini chochote

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii watu wanne wamenipigia kuuliza jambo moja: "Nimepewa barua, nifanyeje?" Naandika hapa ili anayefuata nimtumie. Mimi si wakili. Ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye mashamba ya chai Mufindi, na kabla ya hapo niliwahi kufukuzwa kazi mwenyewe.

1. Barua ya tuhuma ipokee, saini kwamba umepokea, andika tarehe na saa. Baki na nakala.

2. Uliza anayekuhoji ni nani. Siku hizi waajiri wakubwa huleta wakili kufanya uchunguzi. Anaongea kwa upole, anakukaribisha kiti, lakini aliyemleta ni mwajiri na utakayosema yanaingia kwenye ripoti yake. Si adui yako, ila si wakili wako. Akiwa makini atawahoji na mashahidi wako, kwa hiyo wataje. Maelezo yako yasome ukurasa kwa ukurasa kabla ya kusaini. Dada mmoja wa ghalani alikuta ameandikiwa "nilichukua magunia" wakati alisema "nilipokea magunia". Akakata kwa mstari mmoja, akaandika neno lake juu, akasaini pembeni. Kwenye kikao wakabishania neno lile asubuhi nzima.

3. Kikao cha nidhamu. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinakupa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kwenda na mtu wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Tuhuma uelezwe kwa lugha unayoielewa. Mwenyekiti awe mtu asiyehusika na tukio.

4. Wakili wako mtafute kabla ya kujibu barua. Jina lake likague kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama wenye majina ya mawakili. Muulize pia: mgogoro ukifika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi), ada yake inaishia kwenye usuluhishi au inafika mpaka uamuzi?

5. SIKU 30. Hapa ndipo nilipoumia. Nilipoachishwa, bosi aliniambia, "Usikimbilie CMA, njoo wiki ijayo tuyamalize." Nikaenda wiki ile, na iliyofuata. Nakumbuka benchi la getini, nimeshika bahasha ya kaki imelowa mvua, mlinzi ananiambia bosi yuko Dar. Nilipofika CMA Iringa nilikuwa na siku 41. Ikabidi niombe kwanza kuongezewa muda, kwa kiapo, nikieleza kila siku niliyochelewa. Nikaambiwa mazungumzo na mwajiri hayasimamishi siku. Ombi likakataliwa, na madai yangu hayakusikilizwa mpaka leo.

Kwa hiyo: kupinga kuachishwa ni siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Jaza Fomu Namba 1, mpelekee mwajiri nakala KWANZA, apokee kwa saini au muhuri, ndipo ufungue CMA. Hawatozi ada. Sehemu B ni ya walioachishwa tu. Ukidai mshahara, usiiguse. Kuongea na bosi ongea, ila fomu iwe imeshaingia.

Maswali chini.

Kijana wa Uyole: Mkuu mimi niliachishwa mwezi wa pili, bosi anasema tusubiri tuyamalize. Naweza kusubiri?

Mwandishi: Soma namba 5. Kisha kesho asubuhi nenda CMA Mbeya ukaulizie fomu ya kuomba muda.

Kijana wa Uyole: Sasa si ungejibu tu ndiyo au hapana.

Mwandishi: Hapana. Usisubiri. Nimeandika aya nzima kwa sababu yalinikuta.

Mama Neema, Makambako: Shikamoo kaka. Mimi nina miezi minne tu kazini, wameniachisha bila kikao. Nao wananihusu hawa CMA?

Mwandishi: Marahaba dada. Umeuliza vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda dhidi ya kuachishwa isivyo haki aliyetimiza miezi 6, kwa hiyo njia hiyo kwako ni ngumu. Lakini mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako, na cheti cha utumishi lazima wakupe. Umetokea wapi hadi Makambako?

Mama Neema: Waliniajiri nikiwa Songea, gari lao likanifuata.

Mwandishi: Basi wadai na nauli ya kurudi Songea, wewe na mizigo yako. Wakikuchelewesha kusafiri, kuna na posho ya kujikimu ya siku unazosubiri. Andika barua leo, weka nakala.

Mwl. wa Rungwe: Na sisi wa halmashauri?

Mwandishi: Watumishi wa umma mnaanzia kwenye rufaa zenu za utumishi; ninyi walimu mna Tume yenu ya Utumishi wa Walimu. Msianzie CMA, mtarudishwa.

Fundi Mafinga: Nyongeza: asiye na hela ya wakili aulize wasaidizi wa kisheria, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mimi mmoja alinisaidia kujaza fomu, hakuchukua hata mia.

Mwandishi: Asante sana Fundi. Ukienda kwao beba mkataba, hati ya mshahara na ile barua yenye tarehe.

Mama Neema: Barua nimeshaandika. Niipeleke mwenyewe au kwa posta?

Mwandishi: Mwenyewe dada, na daftari. Anayeipokea asaini humo, aandike jina lake lote.