Betri za 18650: ipige mizani kwanza

Nimeijua juzi tu na imeniokoa. Ukinunua seli za lithiamu za 18650 (zile za duara, upana milimita 18 na urefu 65) za kuvuta umeme mwingi, weka moja moja kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuchaji, ya ukweli inacheza gramu 43 mpaka 49 maana ndani imejaa karatasi nyembamba za shaba na alumini zilizokunjwa, ukiona 30 na kitu basi ndani kuna kiseli kidogo tu. Iliyoandikwa mAh 9900 (mAh ni kipimo cha chaji inayobeba) achana nayo hata usipime, saizi hiyo haijafika hata nusu yake, na zenye nguvu kweli kama Samsung 25R ni mAh 2500 kwa ampea 20. Mizani inadanganywa na seli chakavu au dhaifu iliyovalishwa plastiki mpya, uzito uleule kabisa, hiyo utaijua ukiipa mzigo: inachemka haraka na volti zinaporomoka.