Shotigani ya Kujipakia na Risasi za Kila Aina: Namna ya Kuifanya Isikwame

Anayemiliki shotigani ya kujipakia yenyewe hapa Nairobi mara nyingi hupiga risasi alizozikuta dukani, si zile alizozitaka. Cheti chake, kinachotolewa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutaja idadi ya risasi anazoruhusiwa kununua na kuwa nazo, na muuzaji naye huagiza shehena kwa wakati wake, hivi kwamba paketi ya leo inaweza kuwa na risasi zenye gramu 24 za marisau, yaani vile vipunje vinavyoruka kutoka mtutuni, kila moja, na ya mwezi ujao ikawa na zenye gramu 36. Mwenye bunduki ya mitutu miwili huisikia tofauti hiyo begani tu. Mwenye bunduki ya kujipakia huiona kwenye mtambo wenyewe, kwa sababu risasi hiyo hiyo inayotuma marisau mbele ndiyo inayotakiwa kutoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Kwa hiyo kazi ya mmiliki ni kujua bunduki yake inahitaji nguvu kiasi gani, na kuhakikisha kwamba uchafu hauli sehemu ya nguvu hiyo.

Mifumo mikuu ni miwili. Katika bunduki za gesi, kama vile Remington 1100 iliyotoka mwaka 1963 au Beretta A400 ya siku hizi, sehemu ya gesi ya baruti hupitia vitundu vilivyotobolewa kwenye mtutu, husukuma pistoni, nayo pistoni huirudisha nyuma bolti, yaani kile chuma kinachoifunga chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Katika bunduki zinazotumia teke, ambazo Benelli wamezifanya kuwa sifa yao ingawa M4 yao ni ya gesi, bunduki nzima hurudi nyuma ilhali bolti nzito husalia mahali pake kwa kitambo kidogo sana na kukandamiza springi fupi, ngumu, iliyo kati yake na kichwa chake. Springi hiyo inapofumuka ndipo bolti inaporushwa nyuma. Bunduki za zamani kama Browning Auto-5 zilimwachia mwenyewe kazi ya kupanga pete za msuguano kulingana na uzito wa risasi, na ukikutana na moja iliyorithiwa, jambo la kwanza la kukagua ni mpangilio wa pete hizo, kwa maana aliyeitumia mwisho huenda aliipangia risasi nzito.

Kabla ya kuzungumzia kukwama, soma maandishi yaliyogongwa ubavuni mwa mtutu. Hapo pameandikwa geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, na urefu wa chemba, kwa kawaida milimita 70 au 76. Urefu unaochapishwa kwenye paketi ya risasi ni wa ganda lililokwisha kufunguka baada ya kupigwa, si wa risasi nzima unayoishika mkononi, kwa hiyo risasi ya milimita 76 huingia katika chemba ya milimita 70 bila ubishi wowote. Ikipigwa, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, hubana njia ya marisau, na mgandamizo hupanda kupita kiasi. Usitegemee vidole vyako kukuambia kama risasi inafaa, tegemea maandishi. Vilevile usichanganye geji 20 na geji 12 katika mfuko mmoja, kwa kuwa risasi ya geji 20 huteleza ndani ya mtutu wa geji 12 na kukwama mbele ya chemba, na risasi nyingine ikifuata nyuma yake mtutu unaweza kupasuka. Maganda ya geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano kwa sababu hiyo.

Bunduki nyingi zinazolaumiwa kwamba hazipendi risasi nyepesi ni chafu tu. Toa risasi zote, kagua chemba na njia ya magazini kwa jicho na kwa kidole, kisha ndipo uifungue kwa kufuata kijitabu chake. Katika bunduki ya gesi, anza na pistoni na bomba la magazini ambalo inateleza juu yake. Masizi hujipanga hapo tabaka juu ya tabaka mpaka pistoni ikawa inaburuzwa badala ya kuteleza. Yafute kwa kitambaa chenye dawa ya kusafishia, na yaliyoganda uyasugue kwa brashi ya shaba nyeupe au ya nailoni, si kwa msasa. Vitundu vya gesi visafishwe kwa kijiti laini kinachopita bila kukwaruza kingo zake. Kwenye Remington 1100 ipo pete ya mpira inayozuia gesi isivuje, nayo ikikauka au ikipata ufa, bunduki iliyokuwa timamu jana huanza kutema maganda kwa uvivu leo. Pete hiyo ni bei ya chini, na inafaa kuwa na ya akiba ndani ya sanduku la bunduki.

Kuhusu mafuta, wengi wetu huzidisha. Sehemu zinazoguswa na gesi ziachwe karibu kavu, kwa kuwa mafuta yakiungua hugeuka kuwa masizi zaidi. Reli za bolti zipate utando mwembamba, basi. Vumbi letu jekundu la kiangazi likikutana na mafuta mengi hufanya tope, na tope hilo hukaa mahali ambapo jicho halifiki. Mahali pamoja kama hapo, panaposahaulika kuliko pengine pote, ni bomba lililo ndani ya kitako katika bunduki ambazo springi ya kurudisha bolti hukaa humo. Maji ya mvua za masika huingia, kutu huanza, na springi husuguana na bomba kila risasi inapopigwa. Ikiwa umesafisha kila kitu na bado bolti inarudi kwa uzito, fungua kitako au mpelekee fundi akifungue.

Chemba nayo ina habari yake. Risasi za bei nafuu mara nyingi huwa na kitako cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Sumaku ndogo itakuonyesha. Shaba halisi hutanuka risasi inapopigwa kisha hujikunyata vizuri, ilhali chuma hujikunyata kidogo, na chemba ikiwa na mikwaruzo, kutu au mabaki ya plastiki, ganda hung'ang'ania humo. Dalili yake hufanana na ile ya ukosefu wa nguvu, lakini ukiliangalia ganda utaona ukingo wake umekwaruzwa au umekunjwa pale kulabu ya kuvutia ilipouvuta kwa nguvu. Brashi ya chemba, iliyo pana kidogo kuliko ya mtutu, ikizungushwa mara kadhaa na dawa, humaliza matatizo mengi ya aina hii.

Sasa nenda uwanjani, kwa ruhusa ya msimamizi na ukiwa na kinga za macho na masikio. Ikiwa bunduki ni mpya, anza na risasi nzito zaidi kati ya zile inazoruhusiwa, ili vyuma vizoeane, kabla ya kuidai ifanye kazi na gramu 24. Baada ya hapo jaribu aina moja ya risasi kwa wakati mmoja. Weka risasi moja tu na upige. Ikiwa bolti imerudi na kubaki wazi, nguvu ilitosha kuifikisha mwisho wa safari yake. Ikiwa ganda limetoka lakini bolti imejifunga, nguvu ilifika karibu tu ikaishia njiani, mradi bunduki yako ni ya aina inayobaki wazi magazini ikiisha. Tazama pia ganda linaangukia wapi. Ganda linalodondoka karibu na kiatu chako lina ujumbe tofauti na lile linalorushwa hatua kadhaa pembeni. Rudia kwa risasi mbili, uone kama ya pili inapanda vizuri kutoka magazini, kisha jaza magazini. Kwa kuwa paketi ya kawaida ina risasi 25 na idadi yako ina kikomo, utaratibu huu wa moja, mbili, kisha nyingi unakuokolea risasi, kwa sababu aina isiyofaa hujifichua mapema.

Andika jina la risasi, gramu, kasi iliyochapishwa kwenye paketi na matokeo. Gramu peke yake hazitoshi. Risasi ya gramu 24 iliyotengenezwa iende kasi inaweza kuendesha bunduki ambayo gramu 28 za teke dogo zimeshindwa kuiendesha. Ndiyo maana swali la "inakubali gramu ngapi?" linaloulizwa kila wikendi halina jibu zuri bila kasi kutajwa. Kukiwa na tatizo, badilisha kitu kimoja tu kisha ujaribu tena. Anayesafisha, kubadilisha springi na kununua risasi nyingine siku hiyo hiyo hatajua kilichomsaidia.

Kwa bunduki za teke kuna jambo la ziada. Zinahitaji kurudi nyuma, kwa hiyo kila unachokiongeza juu yake, iwe tochi, mkebe wa risasi ubavuni au bomba refu la magazini, huifanya iwe nzito na ipunguze kurudi kwake. Ikiwa ilikuwa ikifanya kazi na risasi nyepesi kabla ya mapambo hayo, yaondoe kwanza. Ipige ikiwa begani sawasawa. Ukiiegemeza kwenye kitu kigumu kisichoiruhusu kurudi, mtambo unaweza kushindwa hata na risasi nzuri.

Kuna milio isiyofaa kuchukuliwa kama kukwama kwa kawaida. Ukivuta kifyatulio na pasitokee kitu, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri nusu dakika kabla ya kufungua, kwa kuwa fataki, yaani kiwashio cha baruti, inaweza kuchelewa. Ukisikia mlio hafifu, wa puf badala ya mshindo, simama hapo hapo, toa risasi zote, ondoa mtutu ikiwezekana na uchungulie kutoka upande wa chemba kama kizibo cha plastiki kinachokaa kati ya baruti na marisau kimebaki ndani. Usipige nyingine ili "kukisukuma".

Risasi zenyewe zikaguliwe pia. Zilizokaa miezi mingi ndani ya magazini zikikandamizwa na springi zinaweza kufutuka au kubonyea, na ganda la namna hiyo haliingii chembani hata bunduki iwe safi kiasi gani. Zitenge, na uzirudishe kwa muuzaji aliyesajiliwa.

Ikiwa baada ya usafi na majaribio bunduki bado haikubali risasi nyepesi, jizuie kumruhusu yeyote apanue vitundu vya gesi kwa keekee. Vitundu vikishapanuliwa havirudi, na risasi nzito utakayoipiga baadaye itaigonga bolti kwa nguvu ambayo mwili wa bunduki haukutengenezewa. Kubadilisha springi, kung'arisha chemba au kurekebisha kulabu ni kazi ya fundi mwenye leseni ya kushughulikia silaha. Unapompelekea bunduki, mpelekee pia daftari lako na maganda matupu ya kila aina uliyojaribu, kila aina katika mfuko wake, ukiwa umeyatia alama yale yaliyokwama.