Kutunga Hadithi ya Mgogoro wa Familia: Anza na Nyumba ya Urithi

Mtunzi anayetaka kuandika mgogoro wa kifamilia mara nyingi huanza kwa kutafuta mtu mbaya: mama wa kambo katili, wifi mchochezi, mtoto aliyepotoka. Ni afadhali aanze na kitu kisichogawanyika kirahisi, kisha akizungushie watu ambao kila mmoja wao ana haki. Kwa mazingira ya Tanzania sioni kinachofaa kuliko nyumba ya marehemu aliyeacha wajane wawili.

Tuseme marehemu alikuwa Mwislamu na watoto wake wapo. Katika mirathi ya Kiislamu wajane wote kwa pamoja hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili pale ambapo dada yake hupata moja. Mpe bi mkubwa kumbukumbu ya kuchota maji ya kufyatulia matofali ya nyumba hiyo. Mpe bi mdogo watoto ambao ada yao ya muhula ujao haijulikani itatoka wapi. Mpe kaka mkubwa usimamizi wa mirathi, baada ya kikao cha ukoo kumpendekeza na mahakama kumteua. Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi, wala uteuzi huo haumfanyi kuwa mwenye mali. Wako wanaoamini vinginevyo, na imani hiyo inatosha kubeba nusu ya riwaya, hasa ikiwa kaka mwenyewe anaiamini kwa moyo safi.

Kabla ya sura ya kwanza, andika daftarini nani anamdai nani, na usiishie kwenye fedha. Nani aliacha shule ili mdogo wake aendelee? Nani alimuuguza baba usiku, na nani alituma pesa kwa simu bila kukanyaga hospitali? Kila deni walijue watu wawili, lakini walikumbuke kwa namna mbili tofauti. Daftari hili litakufaa kuliko muhtasari wa matukio.

Ugomvi wenyewe usiuandike kwa kelele, maana katika familia nyingi mambo mazito husemwa kwa adabu. Tazama kikao hiki. Binti wa bi mdogo, mtu mzima ambaye ndiye aliyelipa gharama za matibabu, anaingia na sinia la chai, na baba mdogo anakatiza maneno yake.

“Weka hapo, mwanangu, na mlango uurudishe.”

“Marahaba kwanza, baba. Nilikusalimia, hukuitikia.”

Hakuna aliyetukanwa, lakini msomaji ameshajua nani ana kiti katika kikao hicho na nani hana. Ukiongeza aya ya kueleza kwamba binti alijisikia kudharauliwa, utakuwa umeiharibu.

Kuhusu siri, mtoto wa nje anayejitokeza msibani ameshatumika mno. Siri yenye uhai ni ile ambayo wote wanaijua ila hakuna anayeitamka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Basi fikiria kwamba miaka mingi nyuma bi mkubwa alitia sahihi ya mkopo uliogharimia harusi ya mumewe na mke wa pili. Kwa nini alikubali? Usimjibu msomaji mapema, wala usimfanye bi mkubwa kuwa malaika. Huenda alikubali ili amdai mumewe maisha yake yote.

Mwishoni usiwapatanishe kwa machozi na kukumbatiana. Nyumba iuzwe, fedha zigawanywe kihalali, kisha andika sura moja zaidi ya harusi ambayo hakuna wa kuikwepa, na uamue mapema nani atapewa mchango wa kukusanya na nani ataletewa kadi siku moja kabla.