Kusoma Uingereza ukitumia kiti mwendo: mambo ya kumaliza kabla ya kulipa amana

Somo hili ni la wanaotoka Kenya au Tanzania. Wengi huanza kuhangaikia viza. Anza na chuo, maana ukishalipa amana, kuirudisha ni kazi.

1. Barua ya daktari, kwa Kiingereza. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Ieleze unachoshindwa masomoni: mkono huchoka baada ya dakika ngapi za kuandika, mtihani unahitaji muda gani wa ziada.

2. Ukipata nafasi, iandikie ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu kwa barua pepe ili majibu yabaki kwenye maandishi. Sheria ya Usawa ya 2010 inakilazimu chuo kufanya marekebisho yanayowezekana, hata kwa mwanafunzi mgeni. Lakini posho ya serikali ya wanafunzi wenye ulemavu huipati, na viza ya mwanafunzi inakuzuia kupokea ruzuku za umma. Basi uliza waziwazi: nani atamlipa wa kuninukulia mihadhara? Nani atamlipa wa kunisaidia kuoga na kuvaa? Hili la pili ndilo linalokwamisha watu, kwa kuwa chuo kwa kawaida hakiligharamii. Liweke kwenye bajeti tangu siku unayoomba ufadhili.

3. Chumba. Pima kiti toka ukingo wa gurudumu moja hadi la pili, kisha omba upana wa milango kwa sentimita na picha ya bafu. Uliza pia lifti ikiharibika utashukia wapi.

4. Ndege. Saa 48 kabla, lipe shirika uzito na vipimo vya kiti, na aina ya betri. Mto wa kukalia na vyote vinavyochomoka ingia navyo ndani. Chaja haina shida: plagi ya pini tatu na volti 230, kama nyumbani.

Maswali ya wanachama

*Betri yangu ya lithiamu imeandikwa 24V 12Ah. Itakubaliwa?*
Zidisha: 24 × 12 ni wati-saa 288. Betri moja ya kuchomoa isizidi 300, nawe huibeba kabini ncha zikiwa zimefunikwa. Ya jeli hubaki kwenye kiti.

*Mke wangu ndiye hunisaidia. Naweza kwenda naye?*
Tangu Januari 2024, anayesoma uzamili wa darasani kwa kawaida haruhusiwi kuja na mwenza. Wa uzamivu au uzamili wa utafiti anaruhusiwa. Kama kozi yako ni ya darasani, tafuta fedha za msaidizi wa kule kabla hujakubali nafasi.